Umeme Ulioisoma Damu

Tone lenyewe halifikii punje ya uwele. Mtaalamu wa maabara amekwisha kulichanganya na dawa ya kupasua chembe nyekundu, himoglobini imemwagika, na sasa analigusisha kwenye ukanda mweupe wa asetati ya selulosi, mwembamba kama kipande cha filamu. Anaulaza ukanda ndani ya kisanduku cha plastiki, ncha zake mbili zikinyonya maji ya bafa kutoka vihori viwili. Kihori kimoja kina waya mwekundu, kingine mweusi. Anafunika kisanduku, anawasha. Volti 350.

Dakika 25 hivi baadaye anazima umeme, anautumbukiza ukanda kwenye rangi nyekundu, kisha anausuuza mara kadhaa katika asidi ileile inayoipa siki ukali wake, mpaka weupe unarudi. Haurudi wote. Vimebaki vistari vyekundu, kimoja mbele ya kingine, kama ngalawa zilizotia nanga kwenye vina tofauti.

Kwenye vistari hivyo ndipo mama aliyeketi kwenye benchi nje anapojibiwa. Kistari kilichotangulia kuelekea upande wa chanya ni himoglobini A, ya kawaida kwa mtu mzima. Nyuma yake kidogo ni F, himoglobini ya mtoto aliye tumboni, ambayo kwa wengi wetu huwa karibu imekwisha kabla hatujatimiza mwaka. Nyuma zaidi ni S. Mwenye A na S pamoja amebeba kinasaba cha selimundu lakini haugui. Mwenye S bila A ana selimundu, na mtoto wa mama huyo, akiwa hivyo, atahitaji kulindwa tangu leo: chanjo, dawa ya kuzuia maambukizi, maji ya kutosha, na wazazi wanaojua dalili za hatari.

Tazama kilichofanyika hapo. Hakuna aliyeweka kemikali ya kunusa ugonjwa. Himoglobini zote ziliwekwa mahali pamoja, kwa wakati mmoja, na umeme peke yake ukazitenga. Himoglobini A na himoglobini S zinafanana kwa uzito, zinafanana kwa rangi, zote hubeba oksijeni. Umeme uliona tofauti ambayo jicho na mizani havikuiona, na historia ya ugonjwa huu, tangu ulipoeleweka hadi ulipopatiwa tiba mpya miaka ya karibuni, imepita mikononi mwa umeme.

Wanafizikia huita uga wa umeme mahali popote ambapo chaji inasukumwa. Kati ya waya mwekundu na mweusi pana uga. Kilicho hasi huvutwa kwenye chanya, kilicho chanya huvutwa kwenye hasi, na kisicho na chaji hubaki pale pale. Kasi hutegemea chaji ni kiasi gani, umbo la kitu chenyewe, na jinsi njia inavyokibana. Sasa, protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja, na baadhi ya asidi hizo zina chaji chanya, nyingine hasi, nyingi hazina kitu. Kila protini kwa hiyo huingia kwenye uga na jumla yake ya chaji, mithili ya mtu anayepanda mizani na mzigo alionao mgongoni.

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago aliandika habari za mgonjwa wake, mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka kisiwa cha Grenada, ambaye chembe zake nyekundu zilikuwa zimepinda kama mundu. Miaka 35 ikapita bila mtu kujua mundu huo unatoka wapi. Mwaka 1945 Linus Pauling, mkemia wa Taasisi ya Teknolojia ya California, alimsikia mjumbe mwenzake kwenye kamati, daktari William Castle, akieleza kwamba chembe hizo hupinda pale damu inapopungukiwa oksijeni. Pauling hakuwa daktari, na nadhani hilo lilimsaidia. Yeye hakuifikiria chembe, alifikiria kilichomo. Kinachobeba oksijeni ni himoglobini. Basi ubaya umo ndani ya himoglobini.

Kazi ya kuthibitisha aliikabidhi kwa kijana aitwaye Harvey Itano. Naomba nisimame kwa Itano kidogo, maana jina lake husahaulika. Alikuwa Mmarekani wa asili ya Japani. Mwaka 1942 alishinda medali ya mwanafunzi bora wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ila siku ya kukabidhiwa hakuwepo, kwa kuwa serikali ya nchi yake mwenyewe ilikuwa imeiondoa familia yake nyumbani na kuifungia kambini, kama ilivyowafanyia maelfu ya wenzao wakati wa vita. Alitoka huko, akasomea udaktari, kisha akaenda kwa Pauling kutafuta kosa lililojificha ndani ya damu ya Wamarekani weusi.

Vipimo vya uzito na umbo havikuonyesha tofauti yoyote. Kilichobaki ni umeme. Itano, S. J. Singer na Ibert Wells walitumia mtambo wa aina aliyoibuni Arne Tiselius, Mswidi aliyetunukiwa Nobeli ya Kemia mwaka 1948: mrija wa kioo, kimiminika, umeme, na lenzi za kufuatilia mpaka wa protini unavyosogea. Walipoiweka bafa karibu na hali isiyo tindikali wala alikali, jambo la ajabu likatokea. Himoglobini ya watu wazima wenye afya ilielekea upande wa chanya. Ya wagonjwa ilielekea upande wa hasi. Zilipeana mgongo. Na za watu waliobeba kinasaba bila kuugua zilikuwa mchanganyiko wa zote mbili, sehemu ikienda huku na sehemu kule.

Makala yao ilitoka kwenye jarida la Science Novemba 1949, nayo ndiyo iliyoutangaza selimundu kuwa ugonjwa wa molekuli. Kabla ya hapo ugonjwa ulikuwa wa kiungo, au wa kijidudu, au wa lishe. Sasa ulikuwa wa protini moja yenye chaji isiyo sawa.

Chaji ngapi? Jibu lilitoka Cambridge, Uingereza, mwaka 1956 na 1957, kwa Vernon Ingram. Alizikata himoglobini A na S kwa kimeng'enya, akadondosha vipande hivyo kwenye karatasi, akapitisha umeme upande mmoja wa karatasi na kimiminika cha kutenganisha upande wa pili. Vipande vikatawanyika kama madoa ya chai kwenye kitambaa. Kwenye karatasi zote mbili madoa yalilingana, isipokuwa doa moja lililohama. Ndani ya doa lile, kwenye nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta, asidi ya glutamiki ilikuwa imeondoka na valini imekaa mahali pake. Glutamiki ina chaji hasi. Valini haina chaji, na ina tabia ya mafuta. Himoglobini nzima ina asidi amino 574; mbili tu ndizo zilizobadilika, moja kwa kila mnyororo wa beta, na kwenye DNA ni herufi moja tu, T mahali pa A. Ule upungufu wa chaji hasi mbili ndio unaoifanya S ibaki nyuma kwenye ukanda. Na ule utelezi wa mafuta wa valini ndio unaoifanya himoglobini, ikikosa oksijeni, ing'ang'anie jirani yake, na jirani ang'ang'anie mwingine, mpaka nyuzi ndefu ngumu zinatengenezeka na kuikunja chembe nzima.

Mwaka uleule wa 1949, Anthony Allison, kijana aliyekulia kwenye shamba la wazazi wake nchini Kenya, alirudi akiwa na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuja Mlima Kenya. Alichukua damu za watu wa pwani, wa kando ya Ziwa Viktoria na wa nyanda za juu. Pwani na ziwani, waliobeba kinasaba walizidi asilimia 20 kwa baadhi ya jamii. Milimani hakukuwa na hata mmoja katika mia. Allison akaulinganisha mgawanyo huo na ramani ya mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtoto mwenye A na S hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hiki kimekaa kwetu. Hakikuja kama laana ya ukoo wala mkono wa mtu, jambo ambalo bado inabidi tulirudie kwenye kila kijiji ambako mama anasemwa vibaya kwa kuzaa watoto wanaougua.

Umeme wa volti 350 kwenye ukanda hauibadilishi himoglobini. Unaisogeza tu, na inafika ikiwa nzima. Lakini kuna nyuga zinazobadili maumbo, na wa kwanza kuutazama ni ule unaoikunja DNA yetu kila saa.

DNA ni uzi wenye chaji hasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila hatua ya ngazi yake ina fosfati mbili, na kila fosfati ina chaji hasi moja. Uzi wa namna hiyo ukiachwa peke yake hujisukuma wenyewe. Ukiondoa chumvi kwenye maji, nyuzi zake mbili huachana kwa joto dogo kuliko kawaida. Sodiamu na magnesi huuzunguka na kuutuliza. Hata hivyo ndani ya karibu kila seli kuna takriban mita 2 za uzi huu, nazo zinapaswa kuenea kwenye kiini kisichofika hata sehemu moja ya mia ya milimita. Kinachowezesha ni protini ziitwazo histoni, zilizojaa chaji chanya. DNA huzizunguka kama uzi kwenye kigurudumu cha cherehani, jozi 147 za herufi kwa kila kigurudumu. Seli inapotaka kusoma kinasaba fulani, mara nyingi hubandika kikundi kidogo cha asetili juu ya histoni, chaji chanya inafutika, mshiko unalegea, na uzi unafunguka. Kufungua na kufunga kitabu cha uhai, kwa sehemu kubwa, ni kuweka na kuondoa chaji.

Ukiiweka DNA kwenye jeli na kuwasha umeme, donge lake hunyooka, kichwa kinatangulia, mwili unafuata kwa kujipenyeza kwenye matundu ya jeli. Vipande vifupi hupita haraka, virefu hukawia. Tatizo ni kwamba vipande virefu mno, vikishanyooka, vyote hutembea kwa mwendo mmoja na haviachani. Mwaka 1984 David Schwartz na Charles Cantor walitoa suluhisho ambalo dereva yeyote wa lori la tela aliyewahi kukwama kwenye vichochoro vya Kariakoo angelielewa papo hapo: badilisha mwelekeo wa umeme kila baada ya muda. Bodaboda hugeuka mara moja. Tela huchelewa kugeuka, na kadiri linavyokuwa refu ndivyo linavyochelewa zaidi. Kwa njia hiyo waliweza kutenganisha kromosomu nzimanzima za hamira, ambazo jeli ya kawaida ilikuwa inaziacha zimerundikana mahali pamoja.

Uga mkubwa hauhitaji maabara, uko ndani yako unaposoma sentensi hii. Kila seli ya neva imezungukwa na utando wa mafuta wenye unene wa nanomita 5 hivi, na kati ya ndani na nje pana tofauti ya millivolti 70. Millivolti 70 ni ndogo, betri ya saa ya mkononi inazidi mara ishirini. Lakini igawanye kwa unene huo usioonekana, utapata uga wa karibu volti milioni 14 kwa mita. Hewa hukatika na kutoa cheche, kama radi, ikifika volti milioni 3 kwa mita. Tunaishi, basi, na uga wenye nguvu zaidi ya mara nne ya ule unaoipasua hewa, na zimo protini zilizozaliwa humo.

Alan Hodgkin na Andrew Huxley, kwa kutumia neva nene ya ngisi, walionyesha mwaka 1952 kwamba utando una malango yanayofunguka volti zinapobadilika, na wakakisia kwamba ndani ya lango lazima kuwe na chaji inayosogezwa na uga. Hawakuwa na njia ya kuiona. Leo tunaijua: ni kipande cha protini kilichojisokota, ambamo kila baada ya nafasi mbili inakuja asidi amino yenye chaji chanya. Ndani ya seli kukiwa hasi, kipande hicho huvutwa ndani na lango hufungwa. Volti zikipanda, kinasukumwa nje, kinavuta sehemu nyingine za protini, lango linafunguka, sodiamu au potasiamu inapita. Kupepesa jicho, kumtambua mwanao kwa sauti, pigo la moyo: yote yanategemea protini zinazobadili umbo kwa sababu uga umebadilika.

Mwaka 2016 timu ya Doeke Hekstra na Rama Ranganathan ilithubutu kuutazama mwendo wa namna hiyo moja kwa moja. Waliweka fuwele ya protini kati ya elektrodi, wakaipiga kwa uga wa takriban volti milioni 100 kwa mita kwa muda usiofika hata sehemu moja ya milioni ya sekunde, huku miale ya eksirei ikipiga picha. Atomu zilisogea. Na mahali zilipoelekea kusogea palifanana na mwendo ambao protini ile huufanya inapotekeleza kazi yake mwilini, kana kwamba uga ulikuwa umeibonyeza pale inapokunjika kwa kawaida.

Wasomaji huniuliza juu ya nyaya za msongo mkubwa zinazopita juu ya nyumba, kama hazivurugi DNA za watoto wanaocheza chini yake. Swali ni la haki na linastahili namba. Chini ya njia ya kilovolti 400, uga hewani unaweza kufika volti elfu kadhaa kwa mita. Ila mwili umejaa maji ya chumvi, unapitisha umeme, na kwa hiyo uga unaoingia ndani hupungua kwa kiasi cha mara milioni. Kinachozifikia seli ni sehemu chache tu za elfu za volti kwa mita, mbele ya utando uliozoea milioni 14. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, katika tathmini ya ushahidi iliyochapishwa mwaka 2002, lilisema nyuga za umeme za nyaya hizo haziwezi kuainishwa kuwa zinasababisha saratani. Nyuga za sumaku liliziweka kwenye kundi la zinazowezekana, kutokana na takwimu za saratani ya damu kwa watoto. Hofu ya kweli chini ya nyaya ni kuzigusa, au kujenga pale zinapoweza kukatikia.

Turudi kwenye selimundu, na kwenye mlango ambao tiba yake mpya ilipitia. Mwaka 1982 Eberhard Neumann na wenzake nchini Ujerumani walipiga seli za panya kwa uga mkali wa muda mfupi, na DNA iliyokuwa ikielea nje ikaingia ndani. Hesabu yake inafuatika. Seli ya kawaida, ukiiweka kwenye uga wa volti 1,000 kwa sentimita, volti kwenye utando wake hupanda kutoka millivolti kadhaa hadi karibu robo tatu ya volti. Mafuta ya utando hayastahimili. Molekuli za maji hujipenyeza, matundu madogo yanafunguka, vya nje vinaingia. Umeme ukizimwa kwa wakati, matundu yanajiziba na seli nyingi huendelea kuishi. Ukichelewa, zinakufa.

Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya kwanza duniani inayotumia mkasi wa vinasaba wa CRISPR. Marekani ilifuata mwezi Desemba. Seli shina za mgonjwa hutolewa, hupelekwa maabara, na huwekwa pamoja na mkasi huo kwenye kichemba chenye elektrodi. Kishindo cha umeme, milango inafunguka, mkasi unaingia. Haukarabati herufi iliyokosewa. Unakata mahali pengine, kwenye swichi ya kinasaba BCL11A, kile kinachouamuru mwili uache kutengeneza himoglobini F baada ya mtoto kuzaliwa. Amri ikikatwa, F inarudi, nayo huzizuia S zisishikane. Uboho wa mgonjwa husafishwa kwanza kwa dawa kali zenye hatari zake, kisha seli hizo hurudishwa mwilini mwake.

Bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaliwa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani, maelfu kila mwaka, na wengi wao hutibiwa malaria na maumivu ya viungo mara kadhaa kabla mtu hajafikiria kuwapima. Kwao, kilicho karibu ni ule ukanda mweupe, au vipimo vya haraka vinavyotoa jibu kwa tone la kidoleni, na haidroksiyurea, kidonge cha kila siku ambacho nacho huongeza F. Nasikitika kila ninapoandika hivyo viwili kwenye aya moja.

Lakini chukua damu ya aliyefanikiwa kutibiwa, ipasue, igusishe kwenye ukanda wa asetati, uwashe volti 350 na usubiri. S bado ingali pale, mahali pake pa nyuma, maana kosa halikuguswa. Mbele yake, pale ambapo kwa mtu mzima hapapaswi kuwa na kitu cha kuonekana, kuna kistari kipana chekundu cha F, kinachokumbusha kile cha mtoto mchanga.